NYUMBA NA JAMAA: Nyumba Nyepesi ya Chuma na Vioo



Wengi wetu tukitaka kujenga hununua vitu kwanza, tukafikiri baadaye. Juma hili sikilizeni habari za mume na mke walioendelea kufikiri hata baada ya kuagiza vyuma.

Huko Marekani, katika mji wa Los Angeles, Bwana Charles Eames na mkewe Ray walikuwa na kiwanja kwenye kilima kinachotazama bahari, penye majani mazuri na safu ya mikaratusi. Mwaka 1945 Charles na rafiki yake Eero Saarinen walichora nyumba ya chuma na vioo, ipite juu ya majani yale kama daraja. Lakini vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na vyuma vilikuwa adimu. Havikufika mpaka 1948.

Je, walikaa wakinung'unika? La. Walikwenda mara kwa mara kula chakula chao pale majanini. Ndipo walipotambua ya kuwa nyumba ile ingeharibu mahali walipopapenda. Basi wakachora upya. Wakaisogeza kando, nyuma ya miti, na kujenga ukuta wa zege wa futi 200 kuzuia udongo wa kilima. Vyuma vilikuwa vile vile, wakaongeza boriti moja tu. Lakini nafasi ya ndani ikazidi.

Nguzo zake ni nyembamba, inchi 4 tu. Kwa kuwa vyuma ndivyo vinavyobeba paa, kuta hazina mzigo, nazo zaweza kuwa za vioo. Watu 5 walisimamisha mifupa ya nyumba kwa saa 16. Kweli, vioo huingiza jua kali. Lakini ile mikaratusi iliyoachwa huitia nyumba kivuli. Mkesha wa Noeli 1949 wakahamia, wakakaa humo mpaka kufa kwao, bwana mwaka 1978, bibi 1988. Nyumba ingalipo.

Sisi wa vijijini huenda tusijenge kwa vioo, lakini somo latufaa. Baba na mama, kabla hamjakata mti wa kiwanjani, ketini kwanza chini yake. Tazameni jua lapita wapi, na maji ya mvua yakimbilia wapi. Na ikiwa mabati yamekwisha nunuliwa, msione haya kubadili mchoro. Kuchora tena ni kazi ya jioni moja. Kubomoa ukuta ni hasara ya mwaka mzima.

Haraka haraka haina baraka.