Uvira: Umeme wa jua bondeni Ruzizi, mashine ya bei rahisi inaweza kugharimu zaidi

Jua ni kali Luberizi, katika bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira. Ng'ambo ya mto, nchini Burundi, kituo cha jua cha Mubuga chenye megawati 7.5 kinalisha mtandao wa taifa tangu 2021. Bonde linaweza kufuata njia hiyo, lakini mashine zitakazowekwa zinapaswa kuangaliwa vizuri.

Umeme wa paneli huenda upande mmoja. Konvata hupandisha volti, kisha inveta huugeuza ulingane na mtandao, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Inveta ya fazi moja, kama ile ya nyumbani, huvuta nguvu kwa mapigo 100 kila sekunde. Mapigo hayo hurudi nyuma, volti inayumba, na paneli hazitoi nguvu zote.

Mzigo huo hubebwa na kondensata, nayo hupata moto. Kwa kondensata za kawaida, joto likizidi kwa digrii 10, maisha yake hupungua karibu nusu. Joto la bondeni linaongeza hatari.

Dawa zipo. Kondensata kubwa zaidi hutuliza mapigo ya inveta. Mtikisiko wa konvata yenyewe hupunguzwa kwa koili kubwa, au kwa konvata mbili zinazopokezana: moja ikipanda, nyingine inashuka.

Yote hayo huongeza bei. Ndiyo maana kituo cha afya au kinu cha unga kinaponunua mashine, kiulize kwanza: inavumilia joto kiasi gani, na kondensata zake zitadumu saa ngapi? Rahisi ni ghali.