Kifurushi cha Krismasi Kilichofika Februari
Tuseme nyanya mmoja wa Karatina ametumiwa viatu vya wajukuu kutoka Boston. Vimeondoka huko mapema Desemba, lakini anavichukua Nyeri mjini mwezi Februari, watoto wamesharudi shule na miguu, bila shaka, imeongezeka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma, ila njia ya kuidai hutegemea nani aliyebeba mzigo. Ukiletwa kwa ndege na kampuni ya usafirishaji, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, humbebesha msafirishaji hasara ya kuchelewa. Malalamiko lakini yawe ya maandishi, ndani ya siku 21 tangu mzigo ukabidhiwe. Kumfokea karani wa kaunta hakuhesabiki. Tena fidia ina kikomo kinachopimwa kwa kilo, na viatu vya watoto, jamani, vina uzito gani? Mizigo ya posta haimo katika mkataba huo. Inaongozwa na kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, ambazo hujali zaidi kilichopotea, kilichoibwa au kilichoharibika. Kuchelewa kwa kifurushi cha kawaida mara nyingi huambulia pole. Na kwa kuwa kwa kawaida anayefungua madai ni mtumaji, nyanya atalazimika kupiga simu Boston kwanza, aulize kama stakabadhi ingalipo.