Mitishamba na Moyo Usiotulia



Ndugu wasomaji, huku Garsen na katika vijiji vya ukingoni mwa Mto Tana, moyo una sababu nyingi za kukosa utulivu. Mapigano ya mwaka 2012 yaliacha wajane na mayatima. Mafuriko ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023 yakabomoa nyumba na kusomba mashamba. Wapo hadi leo ambao mioyo huwadunda mawingu yakitanda tu.

Wengi wao hutafuta afueni katika habbat sauda, asali na vidonge vya miti shamba. Jambo hili lina asili njema. Mtume (s.a.w.) alihimiza kutafuta tiba, na Bibi Aisha (r.a.) aliagiza talbina, yaani uji wa shayiri, ipikwe kwa ajili ya wafiwa ili nyoyo zao zipumzike. Uji ule haukuondoa msiba. Ulimsaidia mfiwa kuustahimili. Hapo ndipo mahali pa mitishamba: ni msaidizi wa tiba, wala si badala yake.

Madhara huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni kuacha vidonge vya hospitali ghafla. Diazepamu iliyotumiwa kwa muda mrefu, ikikatwa mara moja, huweza kuleta mtetemeko na hata kifafa. Wa pili ni kuchanganya kwa siri. Habbat sauda huweza kushusha sukari na presha, na kwa anayemeza dawa za maradhi hayo vikashuka kupita kiasi. Mmea uitwao St. John's wort hudhoofisha dawa za kupanga uzazi na za Ukimwi. Kava nayo imewahi kudhuru maini ya watu.

Basi uendapo hospitali ya Ngao au ya Hola, chukua chupa na pakiti zako zote umwonyeshe daktari, bila kuona haya. Mjamzito na anyonyeshaye wasianze chochote kabla ya kuuliza. Na atafunaye miraa usiku kucha aanze kwa kuiacha, kwani yenyewe huzidisha wasiwasi.

Tusimwambie mgonjwa kwamba imani yake ni pungufu. Tumsomee Qur'ani, kisha tumsindikize kwa daktari. Akitamka kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.