SIKIO LA NYUMBANI: Rege, rapu na ile siasa tuliyoikimbia



Mwezi uliopita baba mmoja alinisimamisha kwenye bomba la maji. Akaniambia: "Mama, hawa vijana wanapiga rege na rapu mpaka usiku. Ni siasa tupu! Sisi tulikimbia siasa, sasa munaturudishia ndani ya nyumba?" Nikamuuliza, wewe baba, wakati wa ujana wako ulikuwa unasikiliza nani? Akacheka kidogo. "Lucky Dube," akasema.

Haya, tuanze na huyo huyo. Wengi wetu tumecheza "Slave" (1987) kwenye maarusi bila kujua kwamba ni kilio cha mtu aliyefungwa na pombe. "Prisoner" (1989) analalamika kwamba majela yanajengwa, shule hazijengwi. Huyo mtu aliuawa Johannesburg tarehe 18/10/2007 na majambazi waliotaka gari yake, alipokuwa anashusha watoto wake. Bob Marley naye, ule wimbo "War" (1976), maneno yake mengi ni hotuba ya Mfalme Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Vijana, mutafute mwalimu wa Kiingereza awafasirie. Kuimba kitu usichoelewa ni kama kubeba mfuko bila kufungua.

Kwa rapu ya Kiswahili hakuna haja ya mfasiri. Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, waliimba maisha ya mtaa wa maskini katika "Tafsiri Hii". Lakini mimi, wa kwangu ni Professor Jay wa Tanzania na "Ndio Mzee" (2001). Anajifanya mgombea kwenye mkutano, anaahidi mambo yasiyowezekana, na watu wanaitikia tu ndio, ndio. Utacheka mpaka machozi, halafu utakumbuka ni mara ngapi na wewe uliitikia. (Baadaye na yeye akagombea! Alikuwa mbunge wa Mikumi tangu 2015 mpaka 2020.)

Sasa yule baba hakukosea yote. Hapa Gisenyi hatuwezi kuongea muziki na siasa tukamruka Simon Bikindi. Alizaliwa Rwerere, katika Gisenyi ya zamani, mwanamuziki mwenye kipaji kweli, kila mtu alimjua. Mwaka 1994 redio RTLM ilikuwa inapiga nyimbo zake wakati watu wanauawa. Tarehe 2/12/2008 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimpa miaka 15. Na musikilize vizuri: mahakama iliona kwamba baadhi ya nyimbo zilitungwa ili kuchochea chuki ya kikabila, lakini kilichomfunga ni maneno aliyosema kwenye kipaza sauti, ndani ya gari, barabara ya Kivumu na Kayove, mwezi wa 6 mwaka 1994, akihimiza watu wauawe. Alikufa Benin mwaka 2018.

Kwa hiyo mzazi, usizime simu ya mtoto haraka. Kaa naye, sikiliza wimbo mpaka mwisho, halafu muulize: huyu mwimbaji anakasirikia nini? Kama anakasirikia rushwa, njaa, vita, ahadi za uongo, muache apige. Kama anakasirikia kabila la watu, ukoo, jina, hata kama ngoma ni tamu namna gani, hapo mzazi uko na neno la kusema. Wengine wanaficha kwa mafumbo, wanaita watu majina ya wadudu na wanyama. Sisi wazee tunayajua yale mafumbo. Watoto waliozaliwa kambini hawayajui, na nani atawaambia?

Yule baba nilimuazima sauti ya "Ndio Mzee" kwenye simu yangu. Alirudisha kesho yake, anaomba nyingine.

Mwezi ujao tutasoma nyimbo za vijana wetu wenyewe. Wenye daftari za mashairi, Kiswahili ao Kinyarwanda, mulete kabla ya tarehe 20. Matusi hatuchapishi.