Siku saba za likizo na saa mbili za bibi

Mpango uliandikwa nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tano, na kwa kuutazama tu ulipendeza. Siku ya kwanza, Dar es Salaam hadi Iringa. Siku ya pili, Isimila asubuhi na Mbeya jioni. Ya tatu, Ziwa Ngosi. Ya nne, Kitulo. Ya tano, Daraja la Mungu, kumsalimu bibi Tukuyu "saa mbili", kisha kuteremka Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ya sita kurudi Mbeya, ya saba nyumbani. Miji, milima na maziwa mawili ndani ya wiki moja ya likizo ya Juni.

Baba wa familia hii ya Kimara alikuwa ameshinda na simu siku nne akitafuta picha na umbali. Mama aliusoma mpango huku akichambua mchele, akauliza jambo moja tu: "Baba watoto, huyu mdogo atatapika mara ngapi?"

Wazazi wengi hawaanzi na swali hilo. Huanza na orodha ya vivutio, wakaja kumkumbuka mtoto wa miaka minne wakiwa tayari wamekata tiketi. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi linaloondoka Mbezi alfajiri huingia Mbeya usiku, na kwa mtoto mdogo hiyo si safari, ni adhabu. Kwa hiyo wazo la kulala Iringa lilikuwa zuri. Ukiondoka alfajiri unapita Mikumi mchana kweupe, na kwa kuwa barabara kuu inakatiza hifadhini, watoto wanaweza kuona twiga na tembo wakiwa dirishani. Halafu mibuyu ya bonde la Ruaha, halafu kona za Kitonga. Hapo ndipo mifuko ya kutapikia na limao la kunusa huhitajika, na hapo ndipo mama huyu alipokuwa na hoja yake.

Kosa la mpango lilikuwa kuondoka Iringa kesho yake. Mtoto aliyetapika Kitonga jioni hawezi kupandishwa tena gari asubuhi na akaambiwa afurahi. Iringa ikapewa usiku wa pili, na kazi zake zikawa nyepesi: kupanda jiwe la Gangilonga kwa miguu na kuutazama mji kutoka juu, kuzunguka sokoni, na kwenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini. Huko mkubwa wa darasa la tano ataona kwa macho zile zana za mawe alizozikariri kwenye somo la historia, na wadogo watapita kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba yao.

Kitulo ilifutwa kabisa, na baba aliumia. Ndiyo iliyokuwa na picha nzuri kuliko zote, uwanda mzima umetapakaa maua. Lakini maua yale ni ya miezi ya mvua, hasa Desemba hadi Machi. Mwezi Juni uwanda ule unabaki nyasi, upepo na baridi inayogandisha umande. Kukodi gari la kupanda huko na watoto watatu ili kuona maua ambayo hayapo ni hasara, na picha za mtandaoni haziandikwi mwezi zilipopigwa. Kitulo ni safari ya likizo ya Desemba.

Ngosi haikufutwa, iligawanywa. Ziwa hilo limekaa ndani ya shimo la volkano kwenye milima ya Poroto, kati ya Mbeya na Tukuyu, na kulifikia ni kupanda kwa miguu msituni, njia yenye utelezi hata nje ya msimu wa mvua. Ukifika ukingoni unaliona liko chini kabisa, maji ya kijani yamezungukwa na kuta za msitu. Mtoto wa miaka 11 atalisimulia mpaka azeeke. Wa miaka minne atabebwa mgongoni kwenda na kurudi, na anayembeba ataangalia miguu yake tu. Ikakubaliwa kwamba baba ataenda na mkubwa, pamoja na mwongoza njia wa pale, wengine wabaki.

Wabaki wapi? Hapo ndipo mama alipoweka kidole kwenye mstari wa siku ya tano. "Na hizi saa mbili za mama yako?"

Baba alisema ratiba imebana. Mama hakujibu, aliendelea na mchele. Mtoto wa mwisho hajawahi kumwona bibi yake. Wa kati alipelekwa akiwa wa kubebwa. Kupita Tukuyu na mizigo mgongoni, ukinywa chai kwa kusimama ili uwahi gari la Kyela, kungekuwa bora kutopita.

Ilichukua muda mpaka baba aseme lililokuwa moyoni. Kukaa kwa mama si kukaa kwa mama peke yake. Atakuja kaka, atakuja shangazi, watakuja majirani, na kila mmoja anajua kwamba aliyetoka Dar ana kitu. Yeye ana nauli, ana hela ya malazi, na ana ada ya Julai ambayo haiguswi. Aliona aibu kwenda nyumbani mkono mtupu, ndiyo maana akampa mama yake saa mbili. Baba wa namna hii ni wengi kuliko wanavyojijua. Wako tayari kumlipa mwenye gesti asiyewafahamu, lakini kulala kwao wenyewe kunawatisha.

Mama alichukua kalamu nyekundu ya mtoto na kuhesabu. Mpango wa kwanza ulikuwa na siku saba na usiku sita wa kulipia. Wakikaa kwa bibi usiku tatu, safari inakuwa ya siku kumi: usiku mbili Iringa, mmoja Mbeya, tatu kwa bibi, mbili Matema, mmoja Mbeya wakati wa kurudi. Usiku wa kulipia unabaki ule ule sita. Fedha ya gari la Kitulo, na kiingilio cha watu watatu wasiopanda tena Ngosi, vinatosha sukari, sabuni, mafuta na doti ya kitenge kwa bibi. Kwa ndugu wengine, alisema mama, shikamoo na watoto wenye adabu. Anayetaka zaidi ya hapo aambiwe ukweli mapema, kabla hawajafika.

Tukuyu yenyewe haihitaji ratiba. Ni nchi ya migomba, chai na mvua, na Mlima Rungwe uko hapo hapo juu ya vichwa vya watu. Katika misitu ya mlima huo watafiti walimtambua kipunji, nyani ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika hadi miaka ya 2000. Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojitandika juu ya mto Kiwira, ni matembezi ya nusu siku hata kwa mtoto mdogo, mradi ameshikwa mkono muda wote.

Matema inataka mzazi aliye macho. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na usiku wa Juni baridi yake hushuka chini ya nyuzi 10. Ziwa liko chini zaidi ya mita 1,000 kutoka hapo. Ndani ya siku moja watoto wanatoka kwenye sweta na kuingia kwenye joto la Kyela, na kwenye mbu wake. Chandarua ni cha lazima. Mtoto akipata homa wiki chache baada ya kurudi Dar apimwe malaria, asipewe dawa ya mafua kwa kukisia. Mandhari ya huko ni ya ajabu, milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini, na ng'ambo ya Matema kina mama wa Ikombe wanafinyanga vyungu. Lakini Juni ni msimu wa upepo wa kusini, ambao huinua mawimbi kaskazini mwa ziwa hili. Watoto waogelee pale wenyeji wanapoonyesha, siku wanayosema ni salama, mbali na matete na midomo ya mito kwa sababu ya kichocho. Mtumbwi bila jaketi la kuokolea haupandwi, hata kama mwenye mtumbwi anacheka.

Usiku ule ule baba alipiga simu Tukuyu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeshindaje, huko kwema?"

Akamwambia wanakuja, wote watano, usiku tatu. Akaongeza haraka kwamba hali si nzuri sana, hawatabeba mengi. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, mpaka akadhani mtandao umekata.

"Watoto wanakula ndizi," bibi akauliza, "au nitafute mchele wa Kyela?"

Baba aliwageukia watoto kuwauliza. Wawili walisema ndizi. Wa mwisho alitaka kuongea na simu mwenyewe.