Mshauri naye anakaa kambini

Hapa Nyarugusu tunaambiana: ukizidiwa na mawazo, nenda kwa mshauri. Sawa. Na mshauri akizidiwa, aende wapi?

Washauri wengi ni wakimbizi kama sisi. Walipewa semina, fulana na daftari, basi. Asubuhi anamsikiliza mama akieleza yaliyompata msituni. Mchana kijana anayesema hataki tena kuishi. Jioni anarudi nyumbani, na watu walewale anakutana nao bombani, kwenye mgao, wengine wanamgongea mlango usiku. Mzigo hana pa kuutua. Na yeye pia alikimbia vita, jamani!

Bosi wake ana mshahara na likizo ya kupumzisha kichwa. Yeye ana posho. Akianza kuwafokea watu au kukosa kazini, eti hana moyo wa kujitolea. Siyo moyo! Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, lilisema uchovu wa namna hii unatokana na kazi. Na mwongozo wa mashirika wa 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura unataka wafanyakazi na wanaojitolea watunzwe. Ndugu zetu wa mashirika, mnao ofisini. Ufungueni.

Semina nyingine ya "jitunze mwenyewe" na soda moja hatuitaki. Leteni mtu mwenye ujuzi awasikilize washauri kila mwezi. Wekeni kikomo cha kesi kwa siku. Na mshauri akiumwa, posho yake isikatwe.