Shaba yafika baharini, vijana wetu je?

Kila siku malori ya shaba yanatoka Fungurume kuelekea bandari kama Dar es Salaam na Durban. Katika meli zinazoipokea, ni nadra kumkuta kijana wa Lualaba. Shule zipo, Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari. Kinachokwamisha ni muda wa kazi baharini: mkataba wa kimataifa wa STCW unamtaka ofisa wa sitaha anayeanza awe ametumikia melini miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, la sivyo miezi 36. Nani atampokea? Tusiambiwe sisi ni watu wa bara: Ethiopia haina pwani, na inafunza mabaharia Bahir Dar. Wanaosafirisha shaba yetu ndio wanaolipa nauli. Serikali ya jimbo iwatake wadai kwa wenye meli nafasi za mafunzo kwa Wakongo, tena kwa maandishi.